Waranti ya tangi la sola ni miaka 5, lakini ukiwa mwisho wa reli haifanyi kazi. Tumechoka!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha, mnivumilie.

Nina gesti ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Agosti 2022 nilinunua mtambo wa sola wa maji moto wa lita 200, ule wa mirija ya vioo na tangi la kulala juu yake, kutoka kwa kampuni ya Dar yenye wakala huku kwetu. Jina silitaji, uzi usije ukafutwa kabla watu hawajausoma. Nililipa zaidi ya shilingi milioni mbili, taslimu. Risiti ya EFD ninayo. Kadi ya waranti ninayo, imegongwa muhuri: tangi miaka 5, vioo mwaka 1.

Tangi linavuja, na lilianza hata miaka mitatu haijatimia. Lilianza kwa doa kwenye dari ya chumba cha mwisho, sasa maji yanachuruzika usiku kucha, jipsamu imeanguka, bili ya maji imepanda, na mgeni aliyeshuka kwenye treni na vumbi la njia nzima namchemshia maji kwa mkaa. Mkaa! Nilitoa milioni mbili ili niachane na mkaa.

Nieleze kidogo tangi lenyewe, maana hawa watu wanakula kwenye kutojua kwetu. Lina matumbo mawili. La ndani ndilo linalobeba maji, bati jembamba la stenlesi lisilozidi sana nusu milimita, limechomelewa kwenye mishono. La nje ni ganda tu. Katikati kuna povu gumu la kutunza joto. Mrija ukivuja kwenye mpira wake, maji yanatokea palepale kwenye shimo la mrija huo, unabadilisha mpira kwa pesa ndogo, kazi imeisha. Tumbo la ndani likitoboka ni habari nyingine. Maji yanalowesha povu kwanza, yanatambaa, yanatokea popote yanapopata upenyo, na joto halifiki asubuhi kwa sababu povu lililolowa halitunzi kitu.

Fundi wangu wa bomba, kijana wa Gungu anayeijua kazi yake, alihakikisha. Jua lilipozama alifunga maji yanayoingia, akaacha tangi livuje mpaka liache lenyewe. Alfajiri akapima kina kwa kijiti kupitia tundu la hewa. Maji yalikuwa yamesimama karibu nusu ya tangi, juu kabisa ya mashimo ya mirija. Kama mipira ndiyo ingekuwa mibovu, maji yangeshuka mpaka usawa wa mashimo. Usawa ule hakuna koki wala bomba, kuna mshono wa ubavuni tu. Akafungua kifuniko cha nje upande huo akakuta povu limelowa tepetepe na mshono una kutu. Picha zote ninazo, na nilimtumia wakala siku hiyohiyo.

Jibu la kwanza la wakala: "Mama yangu, hayo ni maji yenu ya ziwa, yana chumvi."

Hapa ndipo aliponiudhi kuliko kote. Ni kweli maji yetu ya bomba yanavutwa Ziwa Tanganyika, na ni kweli yana madini, magnesiamu hasa, na pH yake iko karibu na 9. Birika la kila nyumba ya Kigoma lina ukoko mweupe, hiyo siyo siri ya mtu. Ila maji haya ni ya ziwa, tunakunywa, tunapikia, siyo ya chumvi ya bahari. Na chumvi inayotoboa stenlesi ni kloraidi, ile iliyojaa baharini. Ukoko huo unaganda kwenye hita na kwenye vioo, unapunguza joto, hilo nakubali. Sasa kwa nini bati zima liko safi na kutu imekaa kwenye mshono peke yake? Tena ziwa hili halikuletwa jana. Lilikuwepo ulipofungua duka, lilikuwepo uliponiuzia, na ulijua gesti yangu iko mtaa gani na inatumia maji gani kwa sababu ninyi wenyewe mlikuja kufunga mtambo. Kama tangi lako haliwezi maji ya Kigoma, ungeniambia kabla ya kupokea hela, au usiliuze Kigoma kabisa.

Na sikilizeni hii. Dada yangu yuko Tabora, Isevya. Alinunua kampuni hiyohiyo, mtambo wa aina ileile, miezi michache baada yangu. Tabora siku hizi wanakunywa maji ya bomba la Ziwa Victoria, maji laini, birika lao halina ukoko kama letu. Tangi lake limetoboka wapi? Mshono wa ubavuni! Yeye hakuambiwa habari ya chumvi. Aliambiwa simtanki lake limewekwa juu sana, presha imepasua tangi. Presha ipi? Mitambo hii haibebi presha. Ina tanki dogo la boya pembeni linaloingiza maji taratibu, na juu kuna tundu la hewa lililo wazi. Boya lake linafunga vizuri na tundu la hewa halijaziba, mume wake amekagua mwenyewe. Maziwa mawili, maji tofauti kabisa, mshono mmoja. Nani asiyeona kwamba uchomeleaji ndio mbovu?

Nilipomwambia hivyo wakala akahama hoja. Eti sikubadilisha fito la magnesiamu. Fito hilo lipo kwenye baadhi ya matangi, kazi yake ni kuliwa na maji ili bati lisiliwe, na ni kweli hubadilishwa likiisha. Nikamuuliza liko wapi kwenye kadi. Halipo. Kwenye kijitabu? Hamna. Dukani kwake analiuza? Haliuzi! Ananilaumu kwa kutobadilisha kitu ambacho hakuniambia kipo na ambacho hana.

Baada ya kelele nyingi akamtuma fundi wake. Huyo fundi, Mungu anisamehe. Alipaka silikoni kwa nje, kwenye ganda, mahali maji yanapotokea. Kwenye ganda! Tundu liko ndani, nyuma ya povu, yeye anaziba mlango wa kutokea. Hata angelifikia, gundi haishiki kwenye bati lililolowa linalopata moto kila mchana na kupoa kila usiku. Kuchomelea nako kunataka gesi ya agoni na mkono mwepesi, kwa sababu bati jembamba vile ukilipiga welding ya kawaida ya geti unalitoboa zaidi. Na ukiziba hapa, mshono uleule unatoboka pale mbele. Tumbo la ndani likishakufa, dawa yake ni tangi jipya, basi.

Halafu akafanya kubwa zaidi. Mtambo ulikuwa mtupu tangu asubuhi, vioo vikavu, jua la saa sita liko utosini, naye akafungulia maji ya baridi. Mirija mitatu ikapasuka palepale. Mtu yeyote aliyefundishwa kazi hii anajua kioo kilichokaukia juani hakipewi maji ya baridi, unajaza alfajiri au jioni, au unafunika mirija kwanza. Na siku iliyofuata nikaletewa bili ya mirija mitatu, "vioo waranti ni mwaka 1". Fundi wao avunje, nilipe mimi!

Sasa tumefika kwenye hukumu ya mwisho. Makao makuu wanasema waranti ipo, haina shida, ila tangi lipelekwe Dar kwa ukaguzi, kwa gharama yangu kwenda na kurudi. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Nilipe watu wa kulishusha paani, nilipe kulifungasha, nilipe lori, nikae bila maji moto hadi wao watakapojisikia kulitazama, kisha waniambie ni chumvi. Nikasema basi niuzieni tangi peke yake, mirija iliyobaki na fremu vyangu ni vizima. Hawauzi tangi peke yake, ninunue mtambo mzima.

Kwenye kuuza, Kigoma ni karibu, lori lao linafika na mabango wanabandika. Kwenye waranti, Kigoma imekuwa mbali.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kuandika miaka 5 kwenye kadi huku umepanga kumshinda mteja kwa nauli ni kumpotosha, mimi siwezi kuliita jina jingine. Barua kwa Tume ya Ushindani nimeshaandika, nakala inakwenda TBS (shirika la viwango), na ya dada yangu imeambatanishwa.

Ninachotaka ni tangi jipya, lifikishwe Mwanga na lifungwe kwa gharama yao, na mirija mitatu waliyoivunja warudishe. Siombi punguzo na sitaki kuuziwa mtambo mwingine.

Wadau wa Kigoma, Tabora, Kasulu, Urambo na kokote: kama tangi lako la mirija limetoboka kwenye mshono wa ubavuni, weka hapa mwaka ulionunua, unatumia maji gani, na sababu uliyopewa. Namba za simu msiweke. Na kama kuna fundi anayejua wapi nitapata tangi peke yake la mirija 20 ya milimita 58, aniambie na nafasi kati ya shimo na shimo, maana zinatofautiana, na likikosewa mirija haiingii.