Mnara wa simu nyuma ya nyumba, Makorora: ninunue wavu wa kuzuia mionzi?

Mama Watatu
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, nimechanganyikiwa.

Niko Makorora, Tanga. Huu mwezi wa tatu tangu wasimamishe mnara wa simu kiwanja cha nyuma, kama mita arobaini na dirisha la chumba wanacholala wanangu. Tangu hapo kichwa kinanigonga kila asubuhi, usingizi sipati, na kitinda mimba wangu anaweweseka usiku. Juzi kapita kijana anauza rangi ya kuzuia mionzi na wavu wa kutandaza madirishani. Vyumba viwili laki nne na nusu. Baba watoto yuko safarini, na pesa niliyonayo ni ya mchezo wetu wa akina mama. Hivi vitu vinafanya kazi kweli?

Fundi Antena
Wa alaykum salaam dada, pole sana. Wavu wa chuma au alumini unazuia mawimbi, hilo kweli. Mwanasayansi Faraday alilionyesha tangu 1836, na ndicho kile kiwavu unachokiona kwenye mlango wa maikrowevu. Lakini wavu lazima uzingire chumba chote. Ukiziba madirisha ukaacha mlango wa mbao na upenyo wa dari, mawimbi yanajipitia.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: simu ikikosa mtandao vizuri inaongeza nguvu ya kurusha ili iufikie mnara. Kwa hiyo unauzuia mnara wa mita arobaini, unajiongezea mawimbi ya simu uliyoiweka sikioni. Mimi niliwahi kubandika karatasi za alumini chumba kizima. Simu ilikuwa inachemka na chaji haifiki jioni. Nilizibandua.

Mwalimu wa Duga
Antena za mnara hazimwagi mawimbi chini kama maji ya bomba. Zinamulika mbele, kama taa ya kisiwa cha Ulenge inavyomulika meli za mbali na si mwamba iliosimama juu yake. Tena nguvu inapungua haraka: umbali ukiwa mara mbili, inabaki robo.

Kikomo cha kimataifa kwa wananchi, kwa masafa ya megahezi 900, ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2006 kwamba vipimo karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na 2 ya kikomo.

Bi Mkubwa wa Ngamiani
Mwalimu, msimtulize mtu kupita kiasi. Si walisema wenyewe kwamba mawimbi haya huenda yakaleta saratani?

Mwalimu wa Duga
Shikamoo bibi. Ni kweli, mwaka 2011 mawimbi ya redio yaliwekwa kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Hoja kubwa ilikuwa watu wanaoongea sana na simu ikiwa kichwani, na ushahidi wenyewe ulielezwa kuwa haba. Mwenye hofu apunguze hapo kwanza: spika au waya wa masikioni, na simu isilale chini ya mto.

Fundi Antena
Dada, nijibu kitu kimoja. Mnara una jenereta?

Mama Watatu
Lipo. Umeme ukikatika linawaka hadi alfajiri, na upepo ukigeuka moshi unaingia dirishani kwa watoto.

Fundi Antena
Basi tuanzie hapo. Moshi wa dizeli una kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu inayoumiza kichwa, na ngurumo zile hazimwachi mtoto alale. Rangi haizuii hata kimoja. Watoto wahamie chumba cha mbele leo hii, wewe nenda hospitali ya Bombo ukapimwe presha.

Kelele na moshi ni mambo ya NEMC, baraza la taifa la mazingira; pitia kwa mwenyekiti wa mtaa upate barua. Mionzi yenyewe, andikieni Tume ya Nguvu za Atomiki. Kupima minara ni kazi yao.

Mama Watatu
Nimeandika kwenye daftari usiku nne. Mbili jenereta liliwaka, na ni asubuhi hizo hizo mbili kichwa kiliniuma. Watoto nimewahamisha, kitinda mimba jana kalala moja kwa moja. Kesho tunakwenda kwa mwenyekiti, mimi na majirani watatu. Yule kijana nimempigia asije.