Jina la babu sasa wanapewa watoto wa kike. Nimpe mwanangu wa kiume, nilibadili kidogo, au niliache?

Baba Kijacho wa Ipagala
Mbukwenyi wakuu. Mke wangu anakaribia kujifungua na kipimo kimeonyesha mtoto wa kiume. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anarithi jina la babu, na mzee wangu amelisubiri jambo hili kwa hamu kubwa. Shida ni kwamba jina lenyewe siku hizi nalisikia kwa wasichana. Juzi kliniki nesi ameliita, nikageuka, kumbe ni katoto ka kike kamevaa hereni. Mke wangu hataki kabisa, anasema mtoto atasumbuliwa shuleni. Nina njia tatu: nimpe kama lilivyo, nimpe lile lile kwa namna ya Kiingereza, au nimpe jina jingine halafu la babu likae katikati. Mliopitia hili naombeni mawazo kabla sijaenda kuchukua cheti.

Fundi Rangi Chang'ombe
Jina gani? Unaomba ushauri wa jina halafu jina lenyewe umelificha. Kama ni Neema jibu ni moja, kama ni Baraka jibu ni jingine.

Mama Tatu
Na useme babu yupi. Mzee wako mwenyewe au babu yako wewe? Yuko hai? Mnasali wapi? Mkeo ni kabila gani, na yeye anataka jina gani? Hayo yote yanabadilisha ushauri.

Baba Kijacho wa Ipagala
Samahanini. Jina ni Andrea. Ni la babu yangu mimi, mzaa mzee wangu, alishafariki. Sisi ni Waanglikana wa upande wa Mvumi. Jina letu la tatu ni la ukoo, la Kigogo, kwa hiyo Andrea limebaki kwa mzee peke yake, kama jina lake la katikati. Mimi na ndugu zangu hatunalo. Nisipolitoa hapa, akiondoka mzee limekwisha. Mke wangu ni Mchaga wa Rombo, anataka Jayden.

Mzee wa Mvumi Makulu
Kijana, usisumbuke. Andrea ni jina la mwanamume tangu Mathayo 4:18, Simoni aitwaye Petro na Andrea nduguye, wakitupa jarife baharini. Hapo hapo Dodoma mjini mna shule ya kimataifa inayobeba jina la Kanoni Andrea Mwaka, kasisi wa Kigogo. Wazee wetu walipobatizwa walichagua majina hayo kwa kuyapenda, na vijiji vizima vimejaa akina Andrea, Yohana, Petro na Danieli. Leo mtoto wa kliniki akivaa hereni ndiyo umnyang'anye babu yako jina?

Mpwapwa Asilia
Naongezea upande wa Wakatoliki. Andrea Kaggwa ni mmoja wa mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Tena sikukuu ya Mtume Andrea ni tarehe 30 Novemba, kwa hiyo mtoto anapata na somo wake, yaani mtakatifu wa jina lake. Jayden hana somo.

Dada wa Area C
Wazee wangu, mnachosema ni kweli lakini hamjibu alichouliza. Hakuuliza kama Andrea alikuwa mwanamume. Ameuliza mtoto atakayezaliwa sasa ataishije na jina hilo. Hawa wasichana wanaoitwa Andrea wametoka kwenye tamthilia. Kule Hispania, Amerika ya Kusini na nchi za Kiingereza Andrea ni wa kike, na sisi tamthilia zao tunazitazama kila jioni. Italia ndiko Andrea bado ni mwanamume. Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Andrea Pirlo, alitwaa Kombe la Dunia mwaka 2006 akiwa na Andrea mwingine kikosini, Barzagli. Lakini hata huko Italia mwaka 2012 mahakama yao ya juu iliruhusu wazazi wamwite binti yao Andrea. Kwa hiyo wimbi lipo.

Na majina yakishahamia kwa wasichana huwa hayarudi. John Wayne, yule wa sinema za kauboi, alizaliwa mwaka 1907 na wazazi wakamwita Marion. Leo ni Mmarekani gani atampa mwanawe wa kiume jina hilo? Mimi nasema mpe Andrew. Ni mtume yule yule.

Mzee wa Mvumi Makulu
Andrew ni la Kiingereza. Babu yake hakuwahi kuitwa Andrew hata siku moja. Ukienda kaburini ukasema "Andrew amekuja", nani atakuelewa?

Nyamwezi Mhamiaji
Mimi ushauri wangu ni Anderson. Lina uzito na linafanana.

Fundi Rangi Chang'ombe
Anderson ni jina jingine kabisa, mkuu. Tubaki kwenye mada.

Binti wa Kolo
Huku kwetu Kondoa jambo hili halimsumbui mtu. Nuru yuko wa kiume na yuko wa kike. Bahati hivyo hivyo, Riziki hivyo hivyo. Darasani kwetu walikuwepo Bahati wawili, mvulana na msichana, mwalimu akawa anawaita kwa majina ya baba zao na maisha yakaendelea. Mtoto anasumbuliwa na jina kama nyumbani wanalionea aibu. Baba akilitamka kwa fahari, mtoto naye atalibeba hivyo hivyo.

Mama Tatu
Binti wa Kolo, ngoja nieleze yaliyotukuta sisi, maana hiyo ya fahari sisi tulikuwa nayo na haikutusaidia.

Kaka yangu anaitwa Furaha. Ni jina la babu mzaa baba, mtu aliyeheshimika sana kijijini. Alipokuwa darasa la saba, aliyejaza taarifa za watahiniwa aliona jina akaandika KE. Hakumuuliza mtu. Mtihani ukafanyika, matokeo yakatoka, kaka amefaulu vizuri, nyumbani tukachinja. Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza yalipotoka, kaka yetu amepangiwa bweni la wasichana. Watu walicheka. Baba hakucheka. Akaenda shule aliyosoma, wakamwambia aende halmashauri. Halmashauri wakamwambia arudi shule alete barua. Barua ikaonekana haina muhuri unaotakiwa. Wakati huo wenzake wameshaanza masomo, na yeye amekaa nyumbani anachunga mbuzi huku sare ipo begini. Akaja kuanza muhula umekwenda sana, shule nyingine kabisa ya kutwa, mbali na nyumbani, akawa anapanga chumba akiwa mtoto.

Haikuishia hapo. Kila fomu aliyojaza baadaye ilikuwa na maswali. Jina hili na cheti hiki mbona jinsi tofauti? Leta kiapo. Kaka ni mtu mzima sasa na ana watoto, hakuna hata mmoja aliyempa jina la babu. Baba aliumia sana kwa hilo, lakini hakuweza kumlaumu. Kwa hiyo Baba Kijacho, mkeo anaposema mtoto atasumbuliwa, usimwone ana dharau kwa ukoo wako. Msikilize.

Fundi Rangi Chang'ombe
Pole sana kwa kaka yako. Lakini hapo kosa ni la aliyejaza. Mimi naitwa Emmanuel, jina la kiume lisilo na shaka, na kuna fomu niliandikiwa KE. Dawa ni mzazi kukagua taarifa kabla hazijatumwa, basi.

Mama Tatu
Wewe Emmanuel ukienda kulalamika wanaona kosa palepale. Kaka yangu alitakiwa kwanza athibitishe kwamba ni mwanamume. Hiyo ndiyo tofauti, na hakuna mtoto anayestahili hiyo.

Karani Mstaafu, Kongwa
Nimesoma mpaka hapa na naona njia ya tatu ya mleta mada haijaguswa, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Jina la katikati kwetu Tanzania ni la baba wa mtoto. Ukimwandika Jayden Andrea halafu jina la ukoo, kila ofisi itasoma kwamba baba yake anaitwa Andrea. Wewe huitwi Andrea. Akifika kuomba kitambulisho cha taifa, au mkopo wa chuo, au siku ya mirathi, mtaanza kuapa viapo kwamba wewe ndiye baba. Nimeona familia zikihangaika kwa jambo hili hili.

Lakini utaratibu huo huo ndio unaolitunza jina la babu yako. Chukua orodha yoyote ya darasa hapa Dodoma. Utaona Neema Andrea, Joseph Andrea, Zawadi Andrea. Watoto hao baba zao ni akina Andrea, na jina hilo limekaa hapo kwa sababu mtu fulani alimpa mwanawe wa kiume. Msichana aitwaye Andrea wanawe watabeba jina la mume wake, si lake. Kwa hiyo ukimpa mwanao, wajukuu zako wote kwa huyo watakuwa akina fulani Andrea. Ukiwaachia wasichana peke yao, jina litasikika kliniki kwa miaka michache kisha litatoka kwenye ukoo. Mimi nasema mpe, kama lilivyo.

Dada wa Area C
Hiyo hoja ni nzuri, nakubali, ila inamjibu babu. Mtoto bado hajajibiwa.

Mpwapwa Asilia
Mimi nashangaa huyu shemeji wa Rombo. Wachaga nao mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba. Angeolewa kwao angelipokea bila neno.

Nyota ya Bahi
Kubeba mimba anabeba yeye, uchungu wake, halafu jina linatoka Mvumi. Mwacheni mama naye aseme.

Mpwapwa Asilia
Aseme, nani kamzuia? Ila Jayden halimo kwenye ukoo wa mtu yeyote hapo.

Nyamwezi Mhamiaji
Kama mnataka amani, mpeni la Kigogo. Mazengo! Mtemi Mazengo wa Mvumi anajulikana nchi nzima. Hakuna msichana anayeitwa hivyo na mtoto atatembea kifua mbele.

Mzee wa Mvumi Makulu
Mazengo ni jina kubwa, lakini lina wenyewe. Huchukui jina la ukoo wa mtu kwa sababu unalipenda.

Mama Andrea
Habari zenu. Nimekuwa nasoma kimya lakini nimeona mnasema wasichana wanaoitwa Andrea wote wametoka kwenye tamthilia, ikabidi niandike. Binti yangu anaitwa Andrea. Ni jina la marehemu baba yangu. Baba alizaa wasichana watupu, mimi ni wa mwisho, na hakuna mjukuu wa kiume aliyepewa jina lake kwa sababu wakwe wote walikuwa na majina ya kwao. Alipofariki nilikuwa mjamzito. Najua aliyoeleza mzee wa Kongwa, kwamba kwa binti yangu halitaenda mbele, na ni kweli. Lakini ningefanya nini? Angalau mtu mmoja analiitika. Kwa hiyo huyo mtoto wa hereni uliyemwona kliniki, kaka, usiwe na haraka ya kusema amekuchukulia jina la babu yako.

Mzee wa Mvumi Makulu
Mwanangu, hapo umenigusa. Baba yako alikuwa wa wapi?

Mama Andrea
Handali, mzee. Ukishuka kanisani kule kila mtu anamjua.

Binti wa Kolo
Mada imeshahama lakini naomba kuuliza, cheti cha mtoto mchanga siku hizi bado ni mpaka uende wilayani?

Karani Mstaafu, Kongwa
Hapana. Kwa walio chini ya miaka mitano unapata bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Ila hakikisha unasoma herufi moja moja kabla ya kuondoka dirishani, jina na jinsi. Kubadili baadaye ni kazi kubwa na ina gharama.

Baba Kijacho wa Ipagala
Asanteni sana wote. La katikati nimeliondoa, sikuwa nimefikiria habari ya mirathi. Nimemsomea mke wangu aliyoandika Mama Andrea akanyamaza kidogo, kisha akasema Jayden anaweza kuliacha ila Andrea bado hapana, anataka Andrew. Mzee naye nimempigia, Andrew hataki hata kulisikia. Jumamosi tunakaa wote watatu.

Dada wa Area C
Simameni kwa Andrew.

Mpwapwa Asilia
Akikubali Andrew leo, hata huyo mzee wake atabaki Andrea wa mwisho. Kanisani mwandikisheni Andrea, na cheti kiandikwe hivyo hivyo.

Mama Tatu
Na darasa la saba ukakague mwenyewe hiyo KE na ME, usimtume mtu.