Tupeane uzoefu: kuchagua pawa saplai tulivu ya modula kwa kompyuta ya mezani

Mleta mada, Dar es Salaam

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Nimeanzisha mada hii ili tukusanye mahali pamoja uzoefu wetu wa kuchagua pawa saplai isiyo na kelele, tena ya modula, yaani ile ambayo nyaya zake huchomekwa na kuchomolewa. Wengi hukinunua kifaa hiki mwisho, kwa fedha iliyobaki baada ya prosesa na kadi ya grafiki, ilhali ndicho kinachovilisha umeme vyote viwili. Kila atakayechangia naomba ataje vifaa alivyo navyo pamoja na hali ya joto na ya umeme mahali anapoishi, maana ushauri uliomfaa mtu wa Arusha unaweza usimfae mtu wa Tanga.

Mimi hurekodi sauti za masomo nikiwa nyumbani, na kipaza sauti changu kiko karibu na kompyuta kiasi kwamba mvumo wowote wa feni huingia katika kazi. Mashine yangu ina prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo kwa mipangilio ya kiwandani haivuki wati 76, na kadi ya RTX 3060 yenye kikomo cha wati 170. Ukiongeza ubao mama, diski na feni, mashine nzima ikifanyishwa kazi kwa nguvu zote hukaribia wati 320. Nilichagua pawa saplai ya wati 650 ya daraja la Gold la 80 PLUS, yaani cheti cha ufanisi wa umeme ambacho Bronze ni daraja lake la chini kuliko Gold, na jamaa kadhaa waliniuliza kwa nini nilipie wati nisizozihitaji.

Jibu limo katika joto. Umeme unaoingia kwenye pawa saplai bila kufika kwenye vifaa hugeuka joto humo humo ndani, na feni huongeza kasi kadiri joto hilo linavyopanda. Kwa umeme wa volti 230, daraja la Gold hudai ufanisi usiopungua asilimia 92 mzigo ukiwa nusu ya uwezo wa kifaa, kama wati zangu 320 katika 650, na Bronze asilimia 88. Kwa hiyo nikitumia wati 320, pawa saplai ya Gold hutoa joto la wati 28 hivi, ya Bronze wati 44, na ile isiyo na daraja lolote, tuseme yenye ufanisi wa asilimia 75, hupita wati 100. Feni ya kuondoa wati 28 inaweza kuzunguka polepole sana, lakini ile inayopaswa kuondoa wati 100 kutoka katika boksi dogo namna hiyo haina budi kupiga kelele, hata iwe ya ubora gani. Ndiyo maana naamini kwamba anayetafuta utulivu aanze na ufanisi, kisha ndipo aulize habari za feni.

Hata hivyo, beji ya 80 PLUS haisemi lolote kuhusu kelele, na vipimo vyake hufanywa katika joto la nyuzi 23 za Selsiasi, ambalo chumba changu hulipata kwa msaada wa kiyoyozi tu. Kuhusu kelele mimi hutazama daraja la Lambda linalotolewa na Cybenetics, kampuni inayopima pawa saplai, ambalo hupima wastani wa sauti katika mizigo mbalimbali: A++ ni chini ya desibeli 15, A+ ni kati ya 15 na 20, A ni kati ya 20 na 25, na A- hufikia 30. Kabla ya kulipa, chukua jina kamili la modeli pamoja na wati zake ukalitafute katika orodha yao, kwa sababu modeli ya wati 650 na ya wati 850 zenye jina moja zinaweza kuwa na madaraja tofauti.

Fundi wa kompyuta, Kariakoo

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri habari ya joto, nami naomba nisisitize habari ya nyaya, kwa sababu hapo ndipo ninapoona vifaa vya watu vikiungua. Upande unaochomekwa kwenye ubao mama au kwenye diski hufuata kiwango cha ATX, yaani vipimo vya pamoja vya kompyuta za mezani, na ni uleule kwa kampuni zote. Upande unaochomekwa kwenye pawa saplai yenyewe hauna kiwango chochote cha pamoja. Plagi inaweza kuwa na umbo lilelile na kuingia bila shida, lakini pale ambapo kampuni moja imeweka volti 5 nyingine imeweka volti 12, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana.

Mteja mmoja aliniletea mashine iliyokuwa na diski mbili zilizokufa kwa siku moja. Aliyembadilishia pawa saplai alikuwa ameacha nyaya za zamani ndani ya kasha, zikiwa zimefungwa vizuri kwa vibano, akachomeka tu pawa saplai mpya ya kampuni nyingine, na mara swichi ilipowashwa zile diski zilipokea volti 12 katika njia ya volti 5. Picha za familia zilizokuwamo hazikurudi. Tangu hapo, kila mteja wa modula namkabidhi nyaya zilizobaki katika mfuko wenye jina la modeli, na anayekuja kubadilisha namtolea nyaya zote za zamani, hata kama kufungua vibano kutachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Niongeze kwamba si lazima kila mtu anunue ya modula kamili. Zipo ambazo waya wa pini 24 unaolisha ubao mama na ule wa prosesa vimeunganishwa moja kwa moja, na kwa kuwa hakuna kompyuta inayofanya kazi bila hivyo viwili, hupotezi kitu. Kwa kasha la kawaida mimi huwashauri wateja wachukue hiyo, na tofauti ya bei waiweke kwenye daraja la ufanisi. Modula kamili naipendekeza kwa makasha madogo tu, ambako huwezi kufunga kifaa huku nyaya zinaning'inia.

Mwalimu, Mwanza

Kwetu huku tatizo langu kubwa limekuwa kukatika kwa umeme. Pawa saplai za ufanisi wa juu hurekebisha zenyewe namna zinavyovuta mkondo, na baadhi yake hazipatani na UPS (vifaa vya betri vinavyoshika umeme unapokatika) za bei nafuu ambazo zikiwa kwenye betri hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini. Kila umeme ulipokatika UPS yangu ilishika, lakini kompyuta ilizimika palepale, nami nikadhani betri imechoka. Nilipobadilisha UPS na kuchukua inayotoa wimbi laini, tatizo liliisha.

Nilijifunza pia kwamba pawa saplai nzuri inapaswa kuvumilia kukosa umeme kwa takriban milisekunde 16, ambazo ni pungufu ya mzunguko mmoja wa umeme wetu wa herzi 50. Mzigo ukiwa mdogo kuliko uwezo wa kifaa, muda huo huongezeka, kwa hiyo zile wati 650 za mleta mada zinamsaidia hata wakati UPS inapobadilisha njia.

Mwanajamvi, Maskati

Ndugu zangu, kaka wa Dar hajagusia hali ya feni kusimama kabisa mzigo unapokuwa mdogo. Naielewa faida yake kwa anayerekodi, lakini kwa Maskati wakati wa kiangazi mimi nimeizima hali hiyo kwa swichi yake iliyo nyuma ya pawa saplai. Sababu ni kapasita, vile vijenzi vya ndani vinavyohifadhi chaji ya umeme. Kapasita za elektroliti hupungukiwa na nusu ya umri wake, kwa makadirio yanayokubalika, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, na ndizo huwa za kwanza kuchoka katika pawa saplai. Ndiyo maana pia nasisitiza ziwe za nyuzi 105, wala si 85. Feni ya milimita 135 inayozunguka polepole muda wote siisikii nikiwa nimekaa mezani, lakini ile iliyolala kisha ikaamka ghafla na kulala tena naisikia kila mara, na hunitoa katika usomaji. Kwangu mimi sauti isiyobadilika ndiyo utulivu.

Mleta mada

Dada yangu wa Maskati, nakubaliana nawe kwa mashine inayofanya kazi nzito mchana kutwa. Mimi ninaporekodi, kompyuta hutumia wati 80 au pungufu na kiyoyozi nimekwisha kukizima, kwa hiyo hata kukimbia kidogo kwa feni kungenilazimu kusafisha sauti baadaye; nitaiacha isimame, ila nimeelekeza pawa saplai ivute hewa kutoka chini ya kasha kupitia chujio la vumbi. Jambo moja linalohusiana na hilo ni mlio mwembamba wa koili, ambao feni ikizunguka huufunika na ikisimama huuacha wazi. Hakuna daraja linalokuhakikishia kwamba nakala utakayopata haitakuwa nao. Kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba utarudisha kifaa kikilia, kisha siku ileile fungua mchezo mzito usikilize sikio likiwa karibu, maana mara nyingi anayelia ni kadi ya grafiki na pawa saplai husingiziwa.

Mwanafunzi, Nairobi

Wakubwa zangu, shikamooni. Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 iliyotumika, ile nyembamba. Je, naweza kuiwekea pawa saplai ya modula?

Fundi wa kompyuta, Kariakoo

Marahaba. Mdogo wangu, ubao wa 9020 unatumia plagi ya pini 8 badala ya 24, kwa hiyo utahitaji kigeuzi, nacho kinapatikana. Kikwazo chako ni kasha: pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86, na hilo kasha jembamba halina nafasi hiyo. Ukiwa na lile refu la mashine hiyohiyo, pima kwanza matundu ya skrubu ya nyuma, kisha tuma picha hapa nikuangalizie kabla hujanunua chochote.