Acheni kuwasingizia mashabiki: mechi ya watani mmeiua wenyewe

Wakuu, leo nina hasira na sitazificha.

Kuna kauli imegeuka wimbo. Timu za taifa za nchi mbili jirani zikicheza mechi ya kirafiki, ikadorora, viti vikabaki wazi, lazima atokee mchambuzi mmoja aseme, "Mashabiki wa siku hizi hawajali tena mechi za kirafiki, wao ni klabu na mashindano tu." Na sisi tunaitikia kwa vichwa kana kwamba ni sayansi.

Hapana. Hamu ya kumfunga jirani ipo palepale. Shabiki amechoka kuuziwa mechi ya watani wa jadi halafu akifika anakuta mazoezi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wanaoyachanganya wanajua wanachokifanya, kwa sababu lawama ikibaki kwa shabiki, shirikisho halina cha kujibu.

Tuanzie mwanzo kabisa. Mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambulika rasmi ilikuwa ya majirani: Scotland na England, Glasgow, tarehe 30 Novemba 1872. Hakukuwa na kombe, hakukuwa na pointi, hakukuwa na kufuzu kwenda popote. Ilikwisha 0-0. Watu kama 4,000 walikwenda kuitazama, na mpira wa timu za taifa wote tulionao leo ulianzia hapo, kwenye mechi ambayo kwa lugha ya sasa tungeiita ya kirafiki isiyo na maana.

Wale wawili wakaendelea kukutana karibu kila mwaka hadi 1989. Baada ya hapo mechi ya kila mwaka ikafutwa. Kuanzia 1999 hadi 2013 hawakukutana hata mara moja, miaka 14, watu wanaopakana! Kisha ikaja ile ya Agosti 2013 pale Wembley. Ya kirafiki. Waliojaa uwanjani walizidi 80,000, nusu ya kelele zikitoka kwa Waskoti. Scotland ikaongoza mara mbili, England ikasawazisha mara mbili, halafu akaingizwa Rickie Lambert, straika wa miaka 31 anayeichezea England kwa mara ya kwanza, mtu ambaye huko nyuma aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bitiruti ili aishi. Mguso wake wa kwanza wa mpira ulikuwa kichwa kutoka kona, na kichwa kile kikawa bao. 3-2. Sasa niambieni yule aliyekuwa jukwaani siku ile alikuwa anawaza pointi za mashindano gani.

Kwa hiyo hoja ya "hawajali" ifie hapo. Twende kwa wauaji.

Muuaji wa kwanza ni anayeihamisha mechi. Chukua Brazil na Argentina. Hakuna utani wa jirani duniani unaouzidi huo kwa ukali. Sasa hesabu wenyewe walikocheza mechi zao za kirafiki: London mwaka 2006, Doha 2010, New Jersey 2012, Beijing 2014, Melbourne 2017, Jeddah 2018, Riyadh 2019. Jirani na jirani wanavuka bahari kwenda kugombana kwa mtu wa tatu! Shabiki wa Buenos Aires anaangalia kwenye runinga, saa isiyo yake, mechi yake mwenyewe ikichezwa mbele ya watu ambao wengi wao wamekuja kumpiga picha Messi.

Na msiniambie eti ilibidi kwa kuwa nyumbani hakuna soko. Melbourne 2017 waliingia watu 95,569. Soko lipo la kufa mtu. Hoja yangu ni kwamba soko hilo limenyang'anywa mwenye nalo. Halafu ile ya New Jersey ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ilikuwa mechi halisi: Argentina 4, Brazil 3, Messi katupia matatu, la mwisho kalivuta kutoka kulia akakata ndani na kupiga kwa mbali, na dakika za mwisho wachezaji wakashikana hadi Lavezzi wa Argentina na Marcelo wa Brazil wakaoneshwa nyekundu. Mechi ya kirafiki hiyo. Wachezaji wenyewe hawakuambiwa kwamba haina maana. Ingechezwa Rosario au Porto Alegre tungekuwa tunaisimulia mpaka leo.

Walijaribu pia kuirudisha nyumbani, nawapa haki yao. Mwaka 2011 na 2012 walifanya ya nyumbani na ugenini, lakini kwa wachezaji wa ligi za ndani tu. Yaani wameirudisha mechi, wakawaacha wenyewe huko Ulaya. Na ile ya marudiano ya 2012 kule Resistencia, Argentina, haikuanza hata kuchezwa: timu ziko uwanjani, taa zikazimika, watu wakarudishwa makwao. Sina cha kuongeza hapo.

Zamani mfadhili alitoa kombe, akaiacha mechi mahali pake. Argentina na Uruguay walianza kugombea Kombe la Lipton mwaka 1905, zawadi ya mfanyabiashara wa chai. Kwetu Afrika Mashariki Kenya na Uganda walianza Kombe la Gossage mwaka 1926, jina la mtengeneza sabuni. Chai na sabuni! Biashara tupu, hakuna aliyejifanya malaika. Lakini mwenye chai hakusema mechi ikachezwe mbali na wenye nayo ili auze majani. Wa leo haleti kombe, anabeba mechi yenyewe.

Muuaji wa pili, na huyu namchukia kuliko wote, ni sabu. Mwaka 2003 England walicheza na Australia London, na kipindi cha pili kocha akatoa wachezaji wote 11, akaingiza wengine 11. Timu mbili tofauti kwa tiketi moja. Australia wakashinda 3-1, na walistahili. Mwaka uliofuata FIFA ikaona aibu, ikaweka kikomo cha sabu sita kwa mechi za kirafiki. Hata hizo sita ni nyingi mno. Dakika ya 60 mpira unaanza kupata moto, beki ameshamkanyaga winga, winga ameshalipiza, jukwaa limeamka, mara ubao wa mwamuzi wa akiba unanyanyuliwa: namba tatu kwa mpigo. Dakika ya 68, mbili tena. Waliokuwa wanawindana wote wako benchi wamejifunika majaketi, wanacheka pamoja. Nani atabaki na presha hapo? Hiyo nusu saa ya mwisho, ambayo kwa mechi ya watani ndiyo yenyewe, inachezwa na vijana wanaotafuta namba, kila mmoja anaogopa kukosea kuliko anavyotaka kushinda. Siwalaumu vijana.

Nyongeza: wapo wasiofika kabisa. Jumapili anaichezea klabu dakika 90, Jumatatu "ana maumivu ya misuli", Jumamosi inayofuata yupo mzima kama chuma. Ni muujiza unaojirudia kila dirisha la FIFA likifunguliwa, yaani zile siku za kalenda zilizotengwa kwa mechi za timu za taifa.

Wengine watasema tatizo ni pointi, kwamba mechi ya kirafiki haihesabiki. Inahesabika, ila kidogo. Tangu Agosti 2018, kwenye hesabu za viwango vya FIFA, mechi ya kirafiki ndani ya dirisha ina uzito wa 10, nje ya dirisha 5, wakati ya kufuzu Kombe la Dunia ni 25. Mfumo wa kabla ya hapo ulikuwa kichekesho zaidi, kwa sababu mechi ya kirafiki ilishusha wastani wako hata ukishinda. Poland walilisoma hilo, wakazikwepa mechi za kirafiki, wakaingia chungu cha kwanza, kile cha timu za viwango vya juu, kwenye droo ya Kombe la Dunia la Urusi 2018. Wajanja. Kisha wakaishia mkiani mwa kundi. Lakini kwani aliyekwenda Glasgow mwaka 1872 alitafuta uzito wa 10? Pointi ni dawa ya kocha na katibu mkuu. Shabiki dawa yake ni kumwona jirani analala.

UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nao walikuja na Ligi ya Mataifa mwaka 2018, wakikiri wazi kwamba mechi za kirafiki zimepwaya. Sipingi, zile mechi zina ushindani. Ila tazameni matokeo yake: nafasi za kalenda zimeliwa, na sasa kukutana na jirani ni mpaka droo ipende. Yaani ili Uholanzi wacheze na Ubelgiji, watu waliokuwa wanakutana mara mbili kwa mwaka kwa miongo mingi na waliowahi kupigana 5-5 kwenye mechi ya kirafiki mwaka 1999, inabidi kwanza mipira ya plastiki izungushwe kwenye bakuli.

Niwe mkweli, si kila mechi ya majirani ni tamu. Ireland na England Februari 1995 Dublin ilivunjwa dakika ya 27 kwa sababu wahuni wa Kiingereza walikuwa wanang'oa viti na kuwatupia waliokaa chini. England wakakaa miaka 20 bila kurudi Dublin, na waliporudi Juni 2015 ikatoka 0-0 ya kusinziisha. Usalama ni hoja, sikatai. Lakini hoja ya usalama husema watu wanajali kupita kiasi. Haiwezi kusema hivyo na wakati huohuo iseme hawajali. Chagueni moja.

Na kuna dharau ya mkubwa kwa mdogo. England na Scotland walipojitoa kwenye michuano ya mataifa manne ya Uingereza, mwaka 1984, waliowaacha mataa ni Wales na Ireland Kaskazini. Bingwa wa mwisho alikuwa nani? Ireland Kaskazini, na kombe wakabaki nalo. Mkubwa akishinda haonekani amefanya kitu, akifungwa anachekwa mwaka mzima, kwa hiyo anatafuta mpinzani wa mbali. Hiyo ndiyo sababu ambayo hamtaisikia kwenye mkutano wa waandishi.

Tazameni Australia na New Zealand. Wana kijisanduku cha mbao za nchi zote mbili, ndani yake kuna kikasha cha fedha cha wembe ambacho mwanajeshi alikwenda nacho vitani Gallipoli mwaka 1915, na ndani ya kikasha kuna majivu ya sigara walizovuta manahodha wa timu hizo mwaka 1923. Kilipotea 1954, kikaonekana tena 2023, kimehifadhiwa na familia ya kiongozi wa zamani wa soka. Kabla hakijapatikana, timu hizo zilikuwa zimekaa miaka 11 bila kukutana, hadi Septemba 2022, na ile ya Auckland ikajaza zaidi ya watu 34,000. Sasa kijisanduku kimerudi kugombewa. Majivu ya sigara, wakuu, na watu wanayataka.

Ninachotaka ni kidogo sana. Mechi ya jirani ichezwe kwa mmoja wao, mwaka huu kwako, mwaka ujao kwangu. Sabu zisizidi tano. Kikosi cha kwanza kianze, na kama kocha anataka kujaribu watoto afunge mageti awajaribu huko. Kuanzia 2026 FIFA inaunganisha madirisha ya Septemba na Oktoba kuwa moja refu la mechi nne, kwa hiyo kisingizio cha ratiba kimepungua. Wakishindwa, basi waandike MAZOEZI juu ya tiketi na bei iwe ya mazoezi.

Anayebisha aje na mechi, mwaka na matokeo. "Mashabiki wamebadilika" sitaijibu.