Plako ya saloni: mistari ya viungo inaonekana hata baada ya plasta

Mama Himbi:
Jambo kwenu wote. Tuko Goma, Himbi, na nyumba yetu ya mbao tunaivalisha plako ndani, zile bapa za jasi zilizofunikwa karatasi. Ni zile za unene wa 12,5 mm, upana 1,20 m. Chumba cha watoto kimekwisha, fundi alifunga na kupiga plasta siku hiyo hiyo. Sasa asubuhi jua likiingia kwa dirisha naona kila kiungo kimechora mstari, na visi (skrubu) zinaonekana kama vidonda vidogo. Fundi anasema ataongeza plasta juu. Kesho kutwa anaanza saloni (sebule). Nimwambie nini?

Fundi wa Katindo:
Mama, mwambie asiongeze kitu kwanza. Plasta ya kumalizia juu ya plako ni milimita 2 au 3 tu. Haiwezi kunyoosha ukuta uliopinda, wala kushika kiungo kisicho na bandi, ule utepe wa kufunika kiungo. Ulaini wa ukuta unaamuliwa kabla ya ndoo ya plasta kufunguliwa.

Anza na mbao za nyuma. Hapa kwetu wengi wanaweka mikaratusi ikingali mbichi. Ikikauka inajipinda na plako inaifuata. Chukua mbao zilizokauka, uziweke kila 60 cm kwa ukuta na kila 40 cm kwa plafo (dari), kisha upitishe rula ndefu iliyonyooka. Palipo na uwazi, tia kipande, palipotokeza, randa. Kazi hiyo inachosha na mteja haioni, lakini mimi siwezi kuipunguza.

Plako zilale juu ya vipande vya mbao, mahali pakavu, zisisimamishwe kwa sakafu ya simenti. Zikinywa maji karatasi inafumuka. Upande mweupe ndio unaokuja chumbani. Kila kiungo kiangukie katikati ya mbao, na viungo vya mstari wa pili visifuatane na vya kwanza, ndivyo tunavyopanga matofali. Chini acha kama sentimita moja.

Sasa visi, maana hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika. Kwa mbao tumia za 35 mm, kila 30 cm ukutani, plafo ukaribishe zaidi. Visi iwe 1 cm toka ukingo wa kiwandani, 1,5 cm toka ukingo uliokata mwenyewe. Kichwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi. Karatasi ndiyo inashika. Ikichanika, visi hiyo imebaki ndani ya jasi tupu. Itoe, funga nyingine pembeni.

Kisha jaza kiungo, laza bandi ya karatasi ndani ya plasta ya viungo, ikamue kwa spatula isibaki hewa. Iache ikauke kabisa kabla ya mkono wa pili, yaani tabaka la pili la plasta. Kwa miezi ya mvua usihesabu siku moja, gusa kwanza. Ukingo uliokatwa hauna mteremko wa kupokea bandi, kwa hiyo usugue kwa kisu kidogo, na plasta uitawanye pana, 30 cm au zaidi.

Na usiruke bandi, Mama. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipuke tarehe 22 Mei 2021 na matetemeko yaliyofuata, hakuna mtu wa Goma anayehitaji kuelezwa kwamba nyumba inasogea.

Kaka wa Bukavu:
Asante sana mzee. Na bafuni? Jirani yangu hapa Kadutu anataka kupiga simenti moja kwa moja juu ya plako ili maji yasipite.

Fundi wa Katindo:
Hapana kaka, simenti na karatasi ya plako havishikani. Bafuni weka plako ya kijani, ile ya kuvumilia unyevu. Nayo pia si ya kupigwa na maji: pale yanaporuka, paka dawa ya kuzuia maji kisha ubandike karo.

Mama Himbi:
Nimeelewa, fundi. Visi za saloni nitazipitia mwenyewe kwa kidole kabla hajagusa plasta. Chumba cha watoto je, tubomoe?

Fundi wa Katindo:
Usibomoe kama plako hazichezi ukizisukuma. Kwangua kwenye viungo tu, weka bandi, tawanya mikono miwili, piga msasa laini. Usiku washa tochi ukiilaza kando ya ukuta: kila kinundu kitatoa kivuli. Rangi ije baada ya hapo.

Mama Himbi:
Mungu akubariki. Kesho natafuta bandi Birere.

Fundi wa Katindo:
Chagua ya karatasi yenye mkunjo katikati, Mama. Hiyo hiyo utaitumia kwa kona.