Fomu inasema wenye ulemavu ni wachache. Niamini?

karani_mpya
Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kupima kama sera ya kuhamishia maombi ya huduma mtandaoni imewafaa watu wenye ulemavu au imewaumiza. Nilicho nacho ni idadi ya waliojibu "ndiyo" kwenye swali "Je, una ulemavu?" Ni wachache mno, na bosi anataka tuandike kwamba uhitaji ni mdogo. Roho yangu inakataa. Nianzie wapi?

mama_magurudumu
Usiandike hivyo, mwanangu. Mwaka wa 11 huu natumia kiti mwendo, na swali hilo nimeshaandikiwa "hapana" mara mbili. Mara ya kwanza nilisema mwenyewe, nikiogopa kunyimwa. Mara ya pili nilijaziwa na karani aliyeniona kuanzia kifuani kwenda juu kupitia kidirisha; magurudumu hakuyaona! Na mama yangu, macho na masikio yote yamechoka, ukimwuliza atakwambia yeye ni mzee tu.

Ndiyo maana Kundi la Washington, lililoundwa 2001 chini ya Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, halitaji neno ulemavu katika maswali yake. Linauliza ugumu: wa kuona hata kwa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" hata kwa jambo moja, anahesabiwa.

Ila kuhesabu vichwa hakutoshi. Ofisi moja niliyokwenda ripoti yao inasema njia ya viti mwendo ipo. Ipo kweli. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, kila sentimita ya kupanda ipate 12 za kwenda mbele. Ile yao ni kama paa. Nilisukumwa na vijana wawili. Kwa hiyo tafuta walioanza fomu wasiimalize, uone walikwamia wapi.

mikono_yasema
Mimi ni kiziwi, na naweza kukuonyesha mahali pa kukwamia: "Tutakupigia simu kuthibitisha." Nitaipokea na nani?

Halafu ibara ya 4 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, inaitaka serikali kushauriana nasi kwa karibu kupitia vyama vyetu. Mkituita, mkalimani wa lugha ya alama awepo tangu mwanzo. Niliwahi kualikwa nikapewa muhtasari wa karatasi, nikakaa saa tatu nikitazama midomo ya watu.

mpitaji
Nyongeza kwa mama: maswali hayo sita huwaacha nje wengi wenye matatizo ya afya ya akili. Yasiwe peke yake.

karani_mpya
Nimefungua fomu zilizoachwa njiani. Zaidi ya nusu zimeishia kwenye simu ya kuthibitisha, na hakuna aliyewahi kuzihesabu. @mikono_yasema, chama chenu kinakutana siku gani? Mkalimani nitamwombea fungu kabla sijaja.