Mrejesho: Gego limepona bila kung'olewa

Ndugu zangu, niliuliza hapa nifanyeje na gego lililoninyima usingizi huku Leeds, Uingereza, baada ya kliniki ya binafsi kunitajia pauni 650 za kutibu mzizi. Wengine mlisema ning'oe tu. Namshukuru Mungu sikung'oa.

Nilimsikiliza yule dada aliyesema nipige 111, namba ya ushauri ya NHS (huduma ya afya ya umma ya huku). Simu ni ya bure, na kesho yake nikapata miadi ya dharura ya NHS. Daktari alifungua jino, akaweka dawa, maumivu yakakata palepale. Nililipa pauni 27.40. Kutibu mzizi na kuziba kukaingia daraja la 2 la malipo ya meno ya NHS: pauni 75.30 kwa kazi nzima, ingawa nilirudi mara tatu (viwango vya 2025). Shida hasa ni kumpata daktari anayepokea wagonjwa wapya wa NHS. Nilipigia kliniki 14!

Wanafunzi, tafadhali jazeni mapema fomu ya HC1, ya kuomba msaada wa gharama za matibabu. Kipato kikiwa kidogo unapewa cheti cha HC2, hulipi kabisa, au HC3, unachangia sehemu. Mimi nilichelewa kujua. Nimeomba kurudishiwa pesa kwa fomu ya HC5, ambayo hutumwa ndani ya miezi 3 tangu ulipe. Tunzeni risiti.